Sahihi ya Mama Shantel

Kwako Bi. Priscah wa ukurasa wa Jumamosi,

Nimekuwa nikisoma majibu yako tangu nikiwa kidato cha pili, gazeti likifika maktaba ya shule siku tatu baada ya kutoka na sisi tukiligombania hivyo hivyo, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja mimi ndiye nitakuandikia, maana nilidhani matatizo ni ya watu wazima. Nina miaka kumi na minane na nilimaliza kidato cha nne mwaka jana. Mimi si mtu wa maneno mengi, hata kanisani nikiambiwa nisome matangazo huanza kutafuta wa kunisomea tangu Ijumaa, kwa hivyo nivumilie barua hii ikiwa ndefu, kwa sababu nikishika kalamu ndipo ninapoweza kusema. Jina langu usilichapishe. Majina ya wengine nimeyabadilisha.

Ninaishi Shieywe kwa dada yangu, ambaye nitamwita Edah. Dada ni karani wa mizani katika kiwanda cha sukari, yaani trela za miwa zikiingia yeye ndiye anayezipima na kuandika uzito, na wanasema hajawahi kukosea hata kilo moja. Huondoka saa kumi na moja na nusu asubuhi basi la wafanyakazi likipita, na hurudi saa mbili usiku, na siku miwa ikiwa mingi hurudi saa tatu. Mume wake, nimwite Osiako, ni mwalimu wa shule ya msingi kule Likuyani na huja mwisho wa mwezi. Wana mtoto mmoja, Shantel, mwenye miaka minne, na Januari alianza chekechea, darasa la PP1.

Mimi nililetwa hapa Desemba. Niliambiwa ni kwa wiki mbili tu, mpaka mtoto azoee shule. Sasa tuko mwisho wa Agosti. Mtoto alizoea Februari. Mimi ndiye bado nazoea.

Kabla sijaendelea nataka ujue kwamba dada si mtu mbaya. Baba yetu alipofariki yeye ndiye aliyenisomesha miaka miwili ya mwisho, na nakumbuka siku aliponiletea sketi mpya ya shule akiwa amevaa viatu vilivyotoboka, na ndiyo maana sina mdomo. Kila nikitaka kumwambia jambo naiona ile sketi.

Shida ilianza na dayari. Shuleni kwa Shantel kila mtoto amepewa daftari dogo la bluu wanaloliita dayari, mwalimu anaandika humo kazi ya nyumbani na ujumbe wowote alio nao, na chini ya kila ukurasa kuna mstari uliochapishwa maneno "Sahihi ya mzazi". Mtoto ambaye dayari yake haijasainiwa anawekwa kando wakati wenzake wanachora. Mwalimu wa darasa, nimwite Mwalimu Jepkoech, alituambia wazi siku ya kwanza kwamba anataka sahihi ya mzazi, si ya jirani wala ya mwenye duka. Jioni hiyo nikamngoja dada.

"Dada, dayari ya Shantel inataka sahihi."

"Si usaini." Alikuwa anavua viatu.

"Mwalimu amesema ni mzazi."

"Kwani mwalimu atakuja kunipima hapa? Wewe si umekaa tu. Andika jina langu, uweke mkia hapo mwisho, imeisha."

Basi nikachukua kadi yake ya kliniki, nikaitazama sahihi yake, ambayo kwa kweli ni kama mtu aliyekuwa anajaribu kalamu kama ina wino, nikafanya mazoezi kurasa mbili nyuma ya daftari langu la Bayolojia. Kufikia Pasaka nilikuwa nasaini vizuri kuliko mwenyewe.

Na kwa kuwa nimekaa tu, Bi. Priscah, huamka saa kumi na moja kupika chai ya dada, kisha uji wa Shantel, kisha namtafuta Shantel chini ya kitanda kwa sababu huko ndiko anakojificha akisikia maji ya kuoga, kisha namvalisha, kisha tunabishana juu ya soksi, kisha tunatembea hadi shuleni kwa dakika ishirini na tano ambazo zingekuwa kumi kama hapangekuwa na siafu wa kutazamwa. Nikirudi nakaa tu kwa kufua, nakaa tu kwa kupiga deki, na saa saba nakaa tu kwenye geti la shule nikimngoja. Halafu kuna kazi ya nyumbani. Mtaala wa siku hizi unampenda sana mtoto, ndiyo maana kazi unampa mzazi. Shantel aliambiwa alete vifuniko ishirini vya soda, akalala, mimi nikaenda kuviokota nyuma ya hoteli watu wakinitazama. Aliambiwa alete manyoya ya kuku, na kwa bahati nyanya yake alikuwa ametuletea ingokho kutoka nyumbani, nikawa nakusanya manyoya yale mazuri kwenye karatasi, nyanya akaniuliza kama shule za siku hizi zimeacha nyama zikaanza kula manyoya. Aliambiwa atengeneze kiota cha ndege. Nilikitengeneza kwa siku mbili. Tukaandikiwa "Amezidi matarajio".

Kuna pia kundi la WhatsApp la wazazi. Dada yumo. Mwalimu akiandika kitu, dada hunitumia kilivyo na kuongeza neno moja, "Shughulikia". Baba Shantel naye yumo, na ni mzazi mwenye bidii sana, kwa sababu kila ujumbe huuwekea kidole gumba. Siku mwalimu alipoandika kwamba Shantel ana homa na mtu aje amchukue, aliweka kidole gumba. Mpaka leo sijui alikuwa amefurahi ama alikuwa amesikia.

Sasa nije kwa aibu yenyewe. Mwalimu Jepkoech hajawahi kuniuliza mimi ni nani. Siku ya kwanza alinitazama, akamtazama Shantel, ambaye paji la uso lake na langu ni moja, akanivuta kando akasema polepole, "Usione haya, mama. Wengi walianza mapema. Kitu ni kujikaza." Bi. Priscah, mimi sijawahi hata kushikwa mkono na mvulana. Nilitaka kumwambia hivyo. Nilichosema ni, "Asante, mwalimu." Shantel huniita kwa jina langu, nikawa na matumaini kwamba hilo litanisaidia, lakini mwalimu alieleza mwenzake nikisikia kwamba watoto waliozaliwa na wasichana huwaitanga hivyo, kama ndugu, kwa sababu wanakua pamoja.

Mwezi wa Julai mtambo ulikufa kiwandani, dada akapata siku moja ya kupumzika. Akaichukua dayari mwenyewe, akasoma ukurasa mzima kwa sauti, akasaini kwa kalamu yake ya kazini akasema, "Leo nimesaini mwenyewe. Usiende kuambia watu sifanyangi kitu." Alifurahi kweli. Kesho yake dayari ikarudi na wino mwekundu: "Mzazi, sahihi hii si yako. Kuna mtu nyumbani kwako anaiga sahihi yako. Njoo Ijumaa tuzungumze."

Nilizigandisha kurasa mbili kwa obusuma, ugali wetu, uliolala ili dada asione. Ijumaa nikaenda mimi.

"Mama Shantel, hii sahihi ni ya nani?" mwalimu akaniuliza.

Nikaitazama ile sahihi.

"Ni ya msichana wa kazi?"

Nikainamisha kichwa. Kwa kichwa hiki changu nikamfanya dada yangu msichana wa kazi katika nyumba yake.

"Umwonye," mwalimu akasema. "Leo anaiga sahihi, kesho atakuja hapa kuchukua mtoto."

Nikasema nitamwonya. Mwalimu hakutosheka, aliniongoza mpaka getini, akamwambia askari aandike katika kitabu chake kwamba Shantel asitoke na mtu yeyote isipokuwa mimi. Askari akaandika. Akanipigia saluti.

Hiyo ndiyo hali, na sasa mambo mawili yananingoja kwa pamoja. La kwanza, Ijumaa tarehe kumi na mbili Septemba ni siku ya wazazi, na Mwalimu Jepkoech amenichagua mimi nizungumze kwa niaba ya wazazi wote wa PP1, kwa sababu dayari yetu ndiyo haijawahi kukosa sahihi, na mada aliyonipa ni "Mzazi anayefanya kazi". Na dada, ambaye amekuwa akiomba kubadilishana zamu tangu Juni, amepewa ruhusa siku hiyo hiyo. Ameshanunua kitambaa cha nguo. Ameambia mizani yote kwamba anaenda kuona mtoto wake shuleni. Sasa mimi nawaza atafika getini na nguo yake mpya, na askari atafungua kitabu.

La pili, nimeitwa chuo cha kilimo Bukura. Natakiwa kuripoti Jumatatu tarehe kumi na tano. Barua niliichapisha saiba, kwa wale wa kompyuta, mwezi uliopita na nimeificha ndani ya Biblia katika kitabu cha Hesabu, mahali ambapo hakuna mtu wa nyumba hii atakapofika. Dada hajui. Nilijaribu mara moja. Nilisema, "Dada, mwezi wa tisa," akanikata, "Mwezi wa tisa miwa inakujanga mingi, usiniambie mambo ya mwezi wa tisa." Nikamwongezea chai.

Kabla ya likizo ya Agosti watoto waliambiwa wachore familia zao, na hii kazi Shantel alikataa kabisa nisimsaidie. Mimi amenichora mkubwa mpaka miguu imekosa nafasi. Baba yake ni simu yenye miguu. Mama yake amemchora amelala, blanketi imefika shingoni. Nikamuuliza mbona mama hana mikono. Akasema, "Iko ndani ya blanketi." Mchoro huo nao nimeuficha.

Nimefikiria kujifanya mgonjwa siku ya wazazi. Nimefikiria kuwaandikia Bukura waniwekee nafasi mpaka mwakani Shantel akiingia PP2, ingawa nasikia kazi za PP2 ni nyingi zaidi. Nimeanza hata kuandika hotuba, na sentensi ya kwanza inasema, "Sisi wazazi tunaofanya kazi." Hapo ndipo nilipoacha nikakuandikia wewe. Nifanye nini?

Ni mimi,
Niliyekaa Tu, Shieywe

*

BI. PRISCAH ANAJIBU

Uliyekaa Tu,

Pole. Hiyo ndiyo pole yangu yote ya wiki hii, nimekupa wewe peke yako, sasa tuendelee.

Umebadilisha majina, vizuri sana. Umemficha Edah, ukamficha Osiako, kisha ukaniachia mizani, trela za miwa, basi la saa kumi na moja na nusu, Shieywe, PP1 na mume aliye Likuyani. Sijui ulitaka nani asijue. Ningeweza kuyafuta hayo yote. Nimeyafikiria siku mbili na nimeyaacha, kwa sababu leo ni tarehe sita, siku ya wazazi ni Ijumaa, na wewe umeonyesha kwamba ukiachiwa nafasi ya kujificha utaijaza. Kwa hivyo hesabu kwamba mtu wa kiwandani atafungua gazeti hili kwenye chai ya saa nne na kumuuliza dada yako kama ameliona. Inabidi asikie kwako kabla ya hapo. Wasomaji wangu wa magazeti ya asubuhi huamka saa moja. Una muda kidogo.

Sasa nikugombeze. Ulifanya mazoezi kurasa mbili nzima ili uige sahihi ya mtu. Ungefanya mazoezi ya sentensi moja, "Mimi ni mdogo wake", barua hii isingekuwepo, na mimi ningekuwa najibu yule bwana wa Malava anayelalamika kwamba mkewe anaimba kwaya kupita kiasi. Unasema una haya. Haya ni kitu kizuri kwa msichana na kwa mvulana pia, lakini haya yako inachagua kazi. Kwenye kusema ukweli inakushika koo. Kwenye uongo inakupisha, hata inakusaidia kuinamisha kichwa. Mdomo wako haujadanganya, ni kweli, ni shingo tu.

Na usiniambie kila ulichonyamazia ulinyamazia kwa aibu. Nimesoma barua yako mara tatu. Kile kiota kilipoandikiwa "Amezidi matarajio", aliyefurahi ni nani? Shantel alikuwa amelala. Askari alipokupigia saluti, ulisimama ukapokea, ukaikumbuka vizuri mpaka ukaniandikia. Umetoka shule ukiwa hujui kama unafaa kitu, ukapewa mahali ambapo kila siku unaambiwa unafaa, na watu wote wakakuita mama wa mfano. Ni utamu. Sikulaumu kwa kuuonja. Nakulaumu kwa kutaka kuuongeza mwaka mmoja, hadi PP2, na kuita jambo hilo kumwonea dada huruma.

Huyo dada nimemhurumia kuliko wewe, nisamehe. Mimi nilikuwa karani wa posta nikiwa na watoto watatu. Najua kufika mlangoni ukakuta usingizi wa mtoto umekutangulia, ukabaki kumtazama tu, ukaogopa kumgusa asije akaamka akakulilia kama mgeni. Mtoto akianza chekechea, mzazi anayefanya kazi anajua siku ya kwanza kwamba shule inafunga saa saba na kazi haifungi saa saba. Shule inamwandikia kana kwamba naye amekaa tu mahali akingoja kuambiwa kuhusu manyoya. Huyo mwanamke amepewa siku moja ya kupumzika mwezi Julai. Angeweza kulala. Alichukua daftari la mtoto wake, akalisoma kwa sauti, akasaini. Na mtu mmoja mwenye kalamu nyekundu akaandika kwamba yeye ni mwizi wa jina lake, na mtu mwingine, ambaye amekula kwake, akazigandisha kurasa kwa obusuma.

Mama Shantel mwenyewe, najua sasa umefika hapa ukisoma, kwa hivyo nawe ukae kidogo. "Umekaa tu" ni maneno gani ya kumwambia mtu anayekuamkia saa kumi na moja kukupikia chai? Unapima trela mia za watu usikosee kilo, lakini kazi ya msichana huyu miezi minane hujaiweka kwenye mizani hata mara moja. Ulimwambia wiki mbili. Ulimwambia asaini. Sasa usije ukashangaa sana mbele yake kana kwamba hujui mkia wa sahihi hiyo aliambiwa na nani auweke. Na akikuambia mwezi wa tisa, mwezi wa tisa si wa miwa peke yake.

Kisha yuko bwana mmoja. Msichana, umeniandikia kurasa tatu juu ya dada yako, na juu ya baba wa mtoto umeniandikia mistari michache ya kuchekesha, ukapita. Hapo ndipo nilipoona kwamba wewe na dada yako kweli ni ndugu, kwa sababu nyote wawili mnagombania nani abebe mtoto na hamna hata mmoja aliyegeuka kutazama mikono mingine iko wapi. Bwana Osiako ni mwalimu wa shule ya msingi. Anajua dayari ni nini kuliko sisi wote. Kila siku anaandikia wazazi wengine wino mwekundu kwamba hawafuatilii watoto wao, halafu anakaa chini anamwekea wa kwake kidole gumba. Shule zilifungwa mwezi mzima wa Agosti. Nimetafuta katika barua yako mahali aliposhika hata soksi moja, sikupata. Likuyani si mbinguni. Mtu anaweza kutoka huko Ijumaa jioni akafika Shieywe akiwa na mwili wake.

Haya, sikiliza utakachofanya, na ukifanye kwa mpangilio huu.

Leo kabla ya chai ya saa nne umpigie dada simu kazini, umwambie maneno haya na usiyapambe: "Dada, shuleni wanadhani mimi ndiye mama yake Shantel, sikuwasahihisha, na Jumatatu ya tarehe kumi na tano naenda Bukura." Ni sentensi moja. Ukiona sauti inakataa, soma kwenye karatasi, wewe karatasi haikuangushi. Atapiga kelele. Mwache. Mtu aliyeitwa msichana wa kazi katika nyumba yake ana haki ya dakika kumi za kelele. Usimwongezee chai, na usikimbilie jikoni. Jioni akirudi umpe mambo matatu uliyoyaficha: barua ya Bukura, ukurasa uliougandisha, na ule mchoro.

Mchoro hasa. Wewe uliuficha kwa sababu ulidhani utamuumiza. Utamuumiza, ndiyo. Lakini umesoma nusu yake tu. Mtoto hakusema mama hana mikono. Umemuuliza, akakuambia iko, iko ndani ya blanketi. Mtoto wa miaka minne anajua mikono ipo, anajua ilipo, na anangoja itoke. Huo ni ujumbe wa mama yake, na wewe umekuwa ukipokea barua za watu kwa muda mrefu wa kutosha.

Jumatatu dada yako aombe saa mbili tu kiwandani, miwa itangoja, imekaa shambani miezi kumi na minane haitakufa kwa saa mbili. Mwende pamoja kwa Mwalimu Jepkoech kabla ya Ijumaa, si Ijumaa yenyewe mbele ya watu na nguo mpya. Wewe ndiye utakayesema, si yeye. Useme hujaanza mapema wala hujaanza kabisa. Mwalimu ataona aibu, na itamfaa, maana naye alikupa mtoto, akakupa ushauri wa uzazi na akakupa geti zima bila kukuuliza swali moja. Kisha mwende kwa askari, akate jina, aandike mawili. Hotuba ya Ijumaa mpe mwenyewe. Ile sentensi uliyoiandika, "Sisi wazazi tunaofanya kazi", ni nzuri kabisa, ilikuwa tu imekosea mdomo.

Na Bukura utaenda. Sitaki kusikia mambo ya kutoka Shieywe kila asubuhi baada ya kumpeleka Shantel, kwa kuwa si mbali. Nimeshaiona hiyo ikija, na dada yako atakayeisema atakuwa ameifikiria kwa nia njema. Utalala hosteli kama wanafunzi wenzako, utajifunza udongo na kuku walio na manyoya yao, na Jumamosi utakuja kumtembelea mtoto kama mgeni anayependwa, uje na mkono mtupu, ukae. Hapo ndipo utakapokuwa umekaa tu. Nani ataamka na Shantel? Hilo ni swali zuri, na lina baba na mama. Waliolizaa ndio watakaolijibu: zamu ya kiwandani ibadilishwe, au mtu aajiriwe na aitwe kwa jina lake, na mwalimu wa Likuyani achukue Jumamosi na Jumapili zake zote, pamoja na kiota kitakachofuata.

Mtoto usimtoroke asubuhi akiwa amelala. Mwambie wiki nzima, kila siku kidogo, mpaka achoke kuulizia. Asubuhi ya mwisho mama yake ndiye amtoe chini ya kitanda. Atalia. Soksi zitavaliwa vibaya. Wewe usirekebishe.

Ukimaliza yote hayo, kata ukurasa huu, uubandike kwa gundi ya kweli katika dayari ya Shantel, wiki hii, mahali pa ujumbe kwa mzazi. Dada akirudi kazini umpe na kalamu yake ya mizani. Wewe weka mikono mgongoni. Na Mwalimu Jepkoech akikuta hapo chini kitu kama mtu aliyekuwa anajaribu kalamu kama ina wino, asichukue ile nyekundu. Hiyo ndiyo yenyewe.

Sahihi ya mzazi: ..............................